Kapteni wa Mbotela na App ya Marubani

Habari yenyewe ilisomwa gazetini na Kinyago, na shida ya Kinyago ni kwamba hujui wakati gani anasoma na wakati gani anaongezea.

"Sikizeni hii, wasee. 'Shirika la ndege la Korongo litawapa marubani wake app itakayosimamia kazi zao zote, tangu kuamka hadi kutua.'"

"Kazi zote?" Meya akauliza. "Hata kuendesha?"

"Imeandikwa zote."

"Basi rubani anabaki na kazi gani? Kuvaa kofia?"

Ilikuwa Jumamosi asubuhi kwa Spika, nyuma ya nyumba za Mbotela, mahali ambapo honi za Jogoo Road zinasikika lakini moshi wake haufiki. Benchi mbili, jiko la makaa, sufuria ya chai. Spika ni Nthenya, mwenye chai; alipewa jina hilo kwa sababu akigonga sufuria kwa upawa, mjadala umefungwa. Meya ni Ochola, aliyekuwa karani wa Baraza la Jiji kwa miaka thelathini, na mpaka leo huongea kama mtu anayesubiri muhuri. Kinyago ni Munyao, mchongaji, ambaye mikono yake haijui kupumzika; akibishana na wewe, yuko hapo anamtoa twiga kwenye kipande cha mti.

Na huyo wa nne, aliyekaa mwisho wa benchi na shati jeupe na miwani ya jua ilhali jua lenyewe halijaamka, ni Maingi. Mtaa wote humwita Kapteni.

Maingi si rubani. Ni dereva wa van inayowachukua marubani wa Korongo majumbani mwao, kuwapeleka uwanja wa ndege na kuwarudisha. Lakini miaka kumi na miwili ya kubeba watu wa ndege si mchezo, maneno yao yanakuingia kama baridi ya Julai. Maingi haegeshi gari, anatua. Hakai kwenye foleni, anasubiri ruhusa. Walipomwita Kapteni mara ya kwanza walikuwa wanamcheka. Yeye akaitika. Ikawa jina.

Sasa wote wakamgeukia.

"Kapteni, hii ni mambo ya kwenu. Ni ukweli?"

Maingi akanywa chai taratibu, kama mtu aliyeijua habari hiyo wiki mbili kabla ya mhariri. Kwamba ni kazi zote, hakuwa amesikia kabisa.

"Hiyo tulikuwa tunaijua," akasema. "Ni vile tu ilikuwa haijatoka."

"Na bundles zikiisha?" Kinyago akauliza. "Jamaa yuko juu ya mawingu, ameangalia app, app inamwambia nunua bundles."

"Si bundles tu," Meya akasema. "Mtandao ukipotea je? Hapa kwangu chumbani sipati, nitapata juu ya Sudan?"

"Anafungua dirisha anatoa mkono nje hivi," Kinyago akainua twiga juu kutafuta mtandao.

"Na mke akipiga?" Spika akaingilia. "'Umefika wapi?' 'Niko juu ya Sudan, mama.' 'Wewe kila siku uko juu ya Sudan!'"

"Na chaji!" Kinyago akadakia. "Hebu fikiria chaji. Unasikia sauti kwa spika za ndege: 'Mabibi na mabwana, huyu ni kapteni wenu. Kuna mtu hapo nyuma ako na Type C?'"

Wakacheka mpaka Meya akamwaga chai kwenye suruali. Maingi alicheka kidogo tu, kwa heshima ya kazi.

"Nyinyi hamwelewi," akasema. "Zamani rubani alikuwa anatembea na mkoba wa karatasi mzito kama wa fundi wa bomba. Ramani, mafuta, hali ya hewa, ratiba. Najua uzito wake kwa sababu ni mimi nilikuwa nau..." Akakohoa. "Nilikuwa nao. Sasa hiyo mkoba yote imeingia kwa tableti."

"Kishikwambi," Meya akamsahihisha.

"Kishi-nini?"

"Kishikwambi. Ndilo neno rasmi."

"Hiyo si jina ya kifaa, hiyo ni jina ya ugonjwa wa mbuzi," Kinyago akasema.

Meya alikuwa amefungua mdomo kuitetea serikali na kamusi yake, lakini akaufunga, maana kuna msichana alikuwa anakuja upande wao na mkoba begani.

"Huyo ni Jackie, mtoto wa dada yangu," akasema. "Amehamia mtaa wa Pipeline juzi kutoka Kisumu. Kapteni, anakutafuta wewe."

"Mimi?"

"Anafanya kazi na hao wa app. Nikamwambia pale kijiweni kwetu tuna Kapteni wa Korongo."

"Ulimwambia Kapteni wa nini hasa?"

"Nilimwambia Kapteni," Meya akasema, na uso wake ulikuwa mtakatifu kabisa. "Hakuuliza zaidi."

Jacklyne akasalimia wote kwa mkono, akimalizia na Maingi, ambaye alimshika mkono kwa mikono yake miwili.

"Kapteni, asante sana kwa kunipa wakati. Najua nyinyi hamna nafasi."

Hapo ndipo Maingi angesema ukweli. Nafasi ilikuwa wazi, pana, haina gari. Lakini aliangalia macho ya yule msichana, akaona namna yanavyomwangalia, na katika miaka hamsini na saba ya maisha yake hakuna aliyewahi kumwangalia hivyo.

"Kaa, kaa," akasema. "Leo siruki."

Spika akageuka kuchochea makaa ambayo hayakuhitaji kuchochewa.

"Mimi ndiye ninachora hiyo app," Jacklyne akasema.

"Unachora?" Kinyago akainua kichwa. "Kumbe ni fundi kama mimi. Ya mti ama ya jiwe?"

"Ya kioo, anko. Sasa shida ni hii. Tuliita marubani ishirini ofisini, Westlands. Tukawaonyesha. Wote wakasema nzuri sana. Tukawaachia wajaribu mwezi mzima, na hakuna anayeitumia. Wanafungua asubuhi, wanabonyeza kitu kimoja, wanafunga. Jumatatu lazima niwaambie wakubwa ni kwa nini. Nikikosa jibu, wanampa kazi mtu mwingine. Na mimi nimetoka nyumbani na kelele nyingi, nikawaaga watu wote, hadi kanisani nikaombewa."

Akatoa tableti, akaiweka kwenye magoti ya Maingi. Wote wakasogea. Kioo kikawaka, zikatokea sura tano za duara, ya kwanza inalia, ya mwisho inacheka meno yote nje. Juu yake pameandikwa: *Unajisikiaje leo, Kapteni?*

Maingi akabonyeza ya kucheka.

"Wewe," Spika akasema, "si ulifika hapa unalia na mgongo?"

"Spika, wacha nifanye kazi."

Sura ikafifia, ikaja orodha ndefu. Meya akavaa miwani ya kusomea.

"Sehemu ya sahihi iko wapi? Hapa panatakiwa sahihi tatu. Ya rubani, ya msaidizi wake na ya shahidi."

"Shahidi wa nini, anko?"

"Kwamba ndege imeondoka."

"Si watu wataiona ikiondoka?"

"Kuona si ushahidi. Ushahidi ni karatasi."

Kinyago akanyoosha kidole chenye vumbi la mti, akabonyeza mwisho kabisa. Kioo kikajaa maputo ya rangi, na maandishi makubwa: *Hongera! Umetua!*

"Kwani," Kinyago akauliza polepole, "kuna siku ilikuwa si lazima?"

"Asingetua angeandikiwa pole?" Spika akaongeza.

"Ni ya kuwapa moyo," Jacklyne akasema, na masikio yake yakawa moto. "Lakini hebu nimuulize mwenyewe. Kapteni, mkishafika juu kabisa, ndege imetulia, kitu cha kwanza unachofanya ni nini? Usinipe jibu la ofisini. Nataka la ukweli."

Twiga akasimama hewani. Meya alikuwa anatazama paa la jirani. Maingi akajikuna kidevu, akaangalia mbali, kama mtu anayekumbuka mawingu.

"Kitu cha kwanza," akasema, "nalegeza mshipi. Halafu naangalia side mirror."

Spika ndiye aliyeanza. Kicheko chake kilitoka puani kwanza, kisha upawa ukaanguka, kisha akashika nguzo ya kibanda. Kinyago akalala kwenye benchi kabisa.

"Ndege..." Jacklyne akasema taratibu, "ina side mirror?"

Maingi akavua miwani. Bila ile miwani alionekana mdogo, macho mekundu ya mtu anayeamka saa tisa usiku kila siku.

"Jackie, mimi si rubani," akasema. "Mimi ni dereva wa van inayowabeba. Hilo jina ni la hapa tu. Nisamehe."

Jacklyne hakukasirika, na afadhali angekasirika. Alichukua tableti yake, akaifungia mkobani, akamwangalia mjomba wake mara moja tu. Meya akainamisha kichwa.

"Hakuna shida," Jacklyne akasema. "Asanteni kwa chai."

"Chai gani?" Spika akamzuia. "Hujakunywa. Hapa hakuna mtu anaondoka na mdomo mkavu. Kaa."

Akakaa, kwa adabu tu, mkoba bado uko begani. Maingi alikuwa anaangalia viatu vyake. Halafu, kwa sauti ya chini ambayo wenzake hawakuizoea, akasema:

"Lakini hicho kitu kimoja wanachobonyeza asubuhi, ni hiyo sura ya kucheka."

Jacklyne akageuka. "Umejuaje?"

"Wanaibonyeza wakiwa kwa gari langu. Wote. Hata yule hajalala. Kulikuwa na mmoja, siku ya pili tu mlipowapatia, alibonyeza ile ya huzuni. Hatujafika hata kituo cha Cabanas, ofisi imeshapiga simu. 'Kapteni, una shida gani? Tukutoe kwa ratiba?' Mtu wa watu alikuwa na kiungulia. Tangu hiyo siku, gari nzima ni kucheka. Unaona watu wanapiga miayo, wamenuna, na kidole kinabonyeza meno nje."

Mkoba ukashuka begani pole pole.

"Endelea."

"Rangi zenu. Mmechora kijivu juu ya kijivu. Kwa ofisi yenu iko na mapazia ni maridadi. Huko mbele ya ndege jua linaingia usoni kama umefunguliwa mlango wa tanuri. Kapteni Carolyne anasema kusoma hiyo kitu ni kama kutafuta sindano kwa jivu."

"Endelea, endelea," Jacklyne alikuwa ameshatoa daftari.

"Halafu kuripoti kitu kimeharibika. Taa moja ya kiti imekufa. App inakuuliza maswali kumi na saba. Taa iliharibika vipi. Ulijisikiaje ilipoharibika."

"Taa!" Kinyago akapiga paja.

"Sasa wao wanaandika kwa kiganja na biro. Huyo Carolyne mkono wake ukiuona ni kama ubao wa darasa la tatu. Wakiingia kwa gari wanapiga picha mkono, wanatuma kwa grupu ya WhatsApp, fundi anasoma hapo. Na tena, ukikaa dakika tano hujaigusa, inakufungia, inataka nenosiri. Mtu ana mikono miwili tu, na yote iko kazini."

"Lakini mbona hawakutuambia?" Jacklyne akalia. "Tuliwauliza! Mmoja mmoja!"

"Mliwaulizia wapi?"

"Ofisini."

"Na nani mwingine alikuwa ndani?"

"Mimi, na... mkuu wa marubani."

Meya akacheka kicheko kirefu, cha miaka thelathini ya utumishi.

"Mwanangu, hata mimi mbele ya bosi wangu, lifti ya City Hall ilikuwa inafanya kazi kila siku."

Kapteni akawa amefunguka. Aliwaeleza yote aliyoyasikia akiwa amewapa kisogo. Kisha Spika akamuuliza:

"Na ile barua ya onyo uliletewa mwezi wa nne? Si ulisema ni ya kuchelewa kwa jam?"

Maingi akazungusha kikombe.

"Haikuwa jam," akasema. "Ilikuwa Jumatatu ya Pasaka. Barabara ilikuwa tupu. Nilimchukua mama mmoja, rubani, jina sitasema. Alikuwa amepangiwa safari tatu mfululizo, na mtoto yuko hospitali. Akapanda, akabonyeza hiyo sura ya kucheka, kichwa kikaangukia kioo. Kwa dakika hiyo hiyo. Nikamwangalia kwa kioo cha ndani nikasema, huyu ndiye anaenda kubeba watu mia moja. Basi nikazima redio. Badala ya kupanda Expressway nikarudi huku kwetu, Jogoo Road, Outering, polepole kama nimebeba mayai. Nikazunguka hadi Mowlem, upande mwingine kabisa, nikageuza. Akalala dakika arobaini. Kuamka ananiuliza, 'Maingi, tumechelewa?' Nikamwambia kuna jam."

Kisu cha Kinyago kilikuwa kimesimama kwenye shingo ya twiga.

"Ndege ikachelewa kuondoka," Maingi akamalizia. "Barua ikaja kwangu. Ni sawa. Ilikuwa ya haki."

Jacklyne alikuwa haandiki tena. "Njoo Jumatatu uwaambie wakubwa hivyo mwenyewe," akasema. Ili asimwangalie usoni, Maingi akachukua tableti, akaanza kupitisha kidole tu, huku na huku, mpaka akafika mahali palipochorwa kigari kidogo cha manjano.

"Na hii ni ya nini?"

Msichana akafunga daftari.

"Hapo ni usafiri. Rubani anajiitia teksi mwenyewe. Zile van... zinaondolewa mwisho wa mwezi. Ilikuwa kwenye maagizo tuliyopewa. Nilichora mimi. Sikujua van ina mtu."

"Ina mtu," Spika akasema.

Meya akasimama wima, kitu ambacho magoti yake humruhusu mara chache.

"Kapteni, rudisha hicho kishikwambi! Hapo hakuna kusaidia mtu! Jackie, wewe ni damu yangu, lakini huyu ni jirani yangu. Huwezi kumchota mtu akili ndio umchimbie shimo!"

"Wacha kelele, si yeye alileta hiyo mambo, ni mabosi!" Kinyago akajibu.

"Nani ameichora?"

"Mimi nimechora simba mia tano, kuna moja imeuma mtu?"

"Asiende! Akae kimya, waone wenyewe hiyo app yao ikifa!"

"Na msichana afutwe?"

"Afutwe! Arudi Kisumu! Nitamwombea tena!"

Upawa ukagonga sufuria.

"Mwenyewe hajaongea," Spika akasema.

Maingi alikuwa amekitazama kile kigari cha manjano. Alifikiria dirisha la van na alama za mafuta ya nywele za watu waliolalia kioo, alama anazozifuta kila Ijumaa. Alifikiria ada ya binti yake wa chuo. Alifikiria pia kwamba Jumanne yule mama ana safari ya Lagos.

"Jumatatu ni saa ngapi?" akauliza.

"Kapteni!" Meya akanguruma.

"Ochola, atabonyeza tena ya kucheka. Na huyo wa teksi hatajua kuzima redio."

Jumatatu akaenda. Kinyago alimwazima koti, Meya akamwandikia hotuba ya nakala tatu, ambayo Maingi aliiacha chini ya kiti cha van. Ghorofa ya tisa, meza ndefu ya kioo, watu saba, na maji ya chupa ambayo hakuna aliyeyafungua. Jacklyne alikuwa amepanga kumtambulisha kama mtaalamu wa nje, kwa kuogopa kwamba akisema dereva, mzee ataambiwa asubiri mapokezi.

"Na huyu ni...?" mkuu wa marubani akauliza.

"Huyu ni mtaa..."

"Mimi ni dereva wa van yenu," Maingi akasema. "Naitwa Maingi."

Mkuu wa marubani akamtazama sana. Alikuwa amebebwa na mtu huyu kwa miaka sita.

"Sauti naijua," akasema hatimaye. "Uso ndio mgeni. Nimezoea kisogo."

Maingi akaongea kwa nusu saa. Hakutaja jina la mtu. Alieleza sura, kijivu, viganja, maswali ya taa. Mmoja wa wakubwa akamkatiza, akataka kujua ni marubani gani hasa waliomwambia hayo.

"Hakuna aliyeniambia, bwana. Walikuwa wanaongea wao kwa wao. Mimi nilikuwa naendesha."

"Na kwa nini hawakuja kwetu?"

"Nyinyi hamna kisogo."

Mkuu wa marubani ndiye aliyecheka, na alipocheka yeye, wengine wakaona ni ruhusa. Mchana ulipofika zile sura tano zilikuwa zimefutwa. Mahali pake kikawekwa kitufe kimoja kikubwa, cheusi juu ya nyeupe: *Nimechoka.* Ukikibonyeza, habari inaenda kwa daktari na kwa rubani wa akiba, haipitii kwa bosi wala kwa jirani wa bosi. Maputo yakaondolewa. Jacklyne akaongezewa mkataba wa mwaka.

"Na hili la usafiri?" Jacklyne akauliza, kalamu mkononi.

"Hilo lilishapitishwa," wakasema. "Tuendelee." Na wakaletewa biskuti.

Mwisho wa mwezi Maingi akarudisha funguo.

Wiki tatu alizokaa nyumbani zilikuwa ndefu. Alikuja kwa Spika saa mbili, saa tatu, amevaa sweta, akakaa pale pale mwisho wa benchi. Hakuna aliyemtania. Kinyago alimpisha mahali penye jua. Meya alimwita "Bwana Maingi", kwa upole kabisa, na hilo ndilo lililomuuma zaidi. Mtu huwezi kuvumilia heshima ya namna hiyo asubuhi na mapema.

Jumatano ya wiki ya tatu, Jacklyne akaingia mbio, viatu vimejaa vumbi, hata salamu hakutoa.

"Mzee Maingi! Umewasha simu?"

"Nimewasha nimuongeleshe nani?"

"Washa! Wanakutafuta tangu juzi!" Akaanguka kwenye benchi, akahema. "Sikizeni. Pale kwa usafiri niliacha kisanduku kitupu. Pameandikwa, kama hujaona gari unalotaka, andika hapa. Sasa marubani sitini na wawili, wote wa Nairobi. Hamsini na mmoja wameandika neno moja. Kila siku. *Maingi.*"

"Uongo," Meya akasema.

"Si uongo, anko! Na ile mitambo haina akili ya kujua jina la mtu. Ikiona watu wengi wanataka kitu, inakiongeza yenyewe kwenye orodha. Angalia!"

Akawasogezea tableti. Kigari cha manjano kilikuwa pale, na chini yake machaguo matatu, moja chini ya jingine:

*Teksi ndogo.*
*Teksi kubwa.*
*Maingi.*

Kinyago akaangusha kisu.

"Wakubwa nao," Jacklyne akaendelea, machozi ya kicheko yakimtoka, "wameona Maingi inaongoza, teksi hakuna anayezitaka. Wakapigia kampuni ya teksi, wakaambiwa hiyo modeli hawana. Wakapigia waagizaji magari Mombasa, wakauliza Maingi zinaletwa kutoka Japani ama Thailand. Siku mbili! Mpaka mkuu wa marubani aliporudi kutoka likizo akawaambia hilo si gari, ni kisogo."

Maingi alikuwa amewasha simu. Ilianza kutetemeka kabla hata haijamaliza kuwaka. Akasoma, midomo ikitembea kimya, kisha akasimama, akaivua sweta, akaikunja vizuri, akamkabidhi Spika.

"Wanasema van iko tayari. Kuna wa kuchukua saa nne Kileleshwa." Akasoma tena. "Ni yule mama. Amebonyeza kile kitufe jana, akapumzishwa. Leo anaenda, na amelala vya kutosha."

"Nenda, Kapteni!" Meya akapiga kelele, na ilikuwa mara ya kwanza kwa wiki tatu. "Nenda! Lakini ngoja kwanza, kama ni gari lazima niandikishe. Hiyo Maingi inabeba watu wangapi?"

"Na ina side mirror?" Kinyago akauliza.

Maingi alikuwa ameshafika pembeni ya nyumba, hakugeuka, lakini mabega yalionyesha anacheka.

"Ni modeli ya mwaka gani?" Meya akaendelea kumfuata kwa sauti.

"Ya sitini na nane," Spika akajibu kwa niaba yake, akimimina chai. "Lakini injini haijafunguliwa."